Nywele Zilizokatwa Shingoni mwa Punda

Daktari,

Nimechelewa kukuandikia. Kila nikianza nasikia kama nakuhoji, na mtu hahoji marehemu. Mara mbili nimeandika ukurasa nikauchana. Leo nimeamua niandike tu, na kama nitakuhoji, basi utanivumilia kama ulivyonivumilia nikiwa mwanafunzi wako.

Kwanza habari za huku. Mvua ya Novemba ilinyesha vizuri Kanyangi nzima, mbaazi zimefika mabegani na watu wana chakula cha kutosha. Ofisi yako sasa ni yangu. Meza nimeiacha pale pale dirishani, na ule mti uliokuwa ukifungia ng'ombe wakali bado una alama ya kamba. Wazee wakija bado wanakuulizia wewe, halafu wanakumbuka, halafu wanaangalia chini. Mimi pia nasahau. Juzi nilikuwa na ndama mwenye homa ya kupe, nikapapasa zile tezi mbele ya bega zikiwa zimevimba kama yai, nikageuka nyuma nikuonyeshe. Nyuma yangu palikuwa na kuku tu.

Unakumbuka ng'ombe wa kwanza ulionipa nimpime? Uliniambia nifumbe macho. Nikaweka ngumi kwenye ule uwazi wa ubavu wa kushoto, nyuma ya mbavu ya mwisho na chini ya mfupa wa nyonga, ukaniuliza, "Uko wapi sasa?" Nikajibu kwa kiburi kwamba niko kwenye tumbo kubwa. Ukasema, "Hapana. Uko kwenye ngozi. Chini ya ngozi uko wapi?" Musyoka alicheka mpaka ukamfukuza zizini. Baadaye ukamrudisha, naye ukamfumba macho vile vile. Mwanao na mimi tulijifunza pamoja, mkono wake na wangu kwenye ng'ombe mmoja, na wewe katikati ukituuliza tuko wapi. Moyo uko wapi: upande wa kushoto, ndani ya kiwiko, vuta mguu wa mbele kidogo ndipo utausikia. Mapafu yanaishia wapi: fuata mstari kutoka kiwiko ukipanda kuelekea nyonga. Ulikuwa ukisema mnyama hawezi kukuambia panapomuuma, kwa hiyo ni lazima ujue kila nyumba iliyo chini ya ngozi na nani anakaa ndani.

Musyoka alikuwa na mkono mzuri kuliko wangu. Hilo nilikuwa sijakuambia ukiwa hai, lakini nadhani ulilijua.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Miezi michache baada ya kukuzika, punda walianza kuuawa huku kwetu. Wa kwanza alikuwa wa Mama Kavutha, yule mjane anayekaa karibu na mto, anayewachotea maji walimu. Walimkuta asubuhi kwenye mchanga wa mto, amechunwa ngozi kuanzia nyuma ya masikio mpaka kwenye kwato, na nyama imeachwa pale pale. Watu walisema hili na lile. Wengine walisema ni mambo ya kishetani, mchungaji akaombea mto mzima. Lakini wengi walijua. Ngozi ya punda ina wanunuzi, inapelekwa mbali kutengenezewa dawa. Maneno hayo tulikuwa tumeyasikia upande wa Makueni hata kabla hujalazwa.

Chifu aliniita nimwangalie yule punda. Nilitafuta kidonda. Hakuwa amekatwa koo. Nyama ya miguu haikuwa na michubuko ya kamba, na mchanga haukuonyesha kwamba alipiga mateke. Alilala kama mnyama aliyelala mwenyewe. Nikapiga magoti nikashika kichwa, nikakiinamisha kifuani, nikapitisha kidole gumba nyuma ya masikio, pale fuvu linapokutana na mfupa wa kwanza wa shingo. Ukiinamisha kichwa, pale panafunguka nafasi ndogo. Kidole changu kilizama kwenye tundu la kisu.

Daktari, nilibaki pale nimepiga magoti. Chifu alidhani naomba.

Wewe ndiye ulinionyesha mahali pale, siku ya soko kule Kabati, punda alipogongwa na lori na mifupa ya miguu yote ya nyuma ikavunjika. Watu walikuwa wamemzunguka wakibishana nani amlipe mwenye punda, na punda anatetemeka. Ulifungua begi. Ukakata nywele kidogo shingoni kwa mkasi wako uliopinda, ukasafisha, ukamdunga dawa ya usingizi kwenye mshipa mkubwa wa shingo. Ulituambia hata wakati ule, kwa sauti ya darasani, kwamba tudunge sehemu ya juu ya shingo, kwa sababu pale kuna msuli unaoutenga mshipa ule na ule mwingine unaotoka moyoni, na ukidunga chini karibu na kifua unaweza kuingiza dawa mahali pabaya. Alipolala kabisa ukatoa kisu chako chembamba, ukakiingiza pale nyuma ya masikio. Hakusikia chochote. Ukafuta kisu, na ukatuambia mimi na Musyoka, "Mahali hapa msimwonyeshe mtu."

Kwa hiyo nilipokuwa pale mchangani nilijua kwamba katika watu ninaowafahamu, waliojua mahali pale walikuwa watatu. Mmoja tulikuwa tumemzika. Mmoja alikuwa mimi.

Nilijiambia siyo lazima. Kuna watu waliowahi kufanya kazi kwenye machinjio, kuna mafundi wa namna hiyo. Nikaandika ripoti nikasema punda ameuawa kwa kisu, basi. Lakini tangu siku ile nikawa mtu mwingine. Nikikutana na mtu njiani namwangalia mikono. Nikisikia pikipiki inapita nainuka nione inaelekea wapi. Na Musyoka alipopiga simu kunisalimia, kama alivyokuwa akifanya kila Jumapili baada ya kanisa, nilisikiliza sauti yake kama ninavyosikiliza kifua, nikitafuta mahali isipokaa sawa. Aliniuliza kama punda wameuawa na huku. Nikamuuliza nani amemwambia. Akasema kila mtu anajua. Ilikuwa kweli, kila mtu alijua. Bado sikulala vizuri.

Kisha nikaanza kulifikiria begi lako.

Unakumbuka hospitalini, siku ile Mama Musyoka alipotoka kununua maji, ulinishika mkono ukaniambia, "Mwende, begi langu uende nalo. Lisibaki nyumbani." Nililia, Daktari. Nilidhani umenirithisha. Nilidhani umenichagua mimi na siyo mwanao kwa sababu ya kazi yangu, na niliona haya kwa kufurahi. Nililibeba begi lile kama Biblia. Nilipolifungua, mkasi ulikuwepo, stethoskopu ilikuwepo, kipimajoto kilikuwepo kwenye kile kifuko alichoshona Mama Musyoka. Kisu hakikuwepo. Nikamuuliza Mama Musyoka, akajibu haraka kwamba huenda ulikipoteza. Wakati ule niliona ni jibu la kawaida. Baada ya punda wa Mama Kavutha niliona ni jibu la haraka mno.

Sasa umeona nilivyokuwa. Nilimshuku mwanao, nikamshuku mkeo, na nikaanza kukushuku wewe. Kwa nini hukutaka begi libaki nyumbani? Ulikuwa unanipa, au ulikuwa unalificha?

Wakati huo watu nao walikuwa wananishuku mimi. Punda wa pili aliuawa, na wa tatu, na chifu alikuwa ameshasema mbele ya watu kwamba huyu muuaji anajua mwili wa mnyama kama daktari. Hakuwa na nia mbaya. Lakini neno likishatoka hulirudishi. Nikienda boma fulani kutibu mbuzi, naona punda anasogezwa nyuma ya nyumba. Mama Kavutha alikuwa amenunua punda mwingine mdogo wa kike, akamwita Sukari. Nilienda kumpa dawa ya minyoo, akasimama mlangoni mwa zizi akaniambia kwa upole kabisa nimwachie dawa, atampa mwenyewe. Hakunitazama. Mwanamke niliyemzalishia ng'ombe, mkono wangu wote ndani, hakutaka nimguse punda wake. Nilirudi ofisini nikafunga mlango nikakaa.

Ni huyo huyo Sukari aliyetuonyesha ukweli.

Asubuhi moja wanawake waliotangulia kwenda mtoni walisikia mbwa wanabweka kwenye shamba la mbaazi. Wakapiga kelele, watu wasiojulikana wakatoka mle ndani wakikimbia, na wanawake wakamkuta Sukari amesimama katikati ya mbaazi, kichwa kimeinama karibu kugusa udongo, anayumba kama mlevi. Mama Kavutha alituma mtu aniite. Nadhani hakuwa na mwingine wa kuita. Nilipofika alikuwa ameishika kamba kwa mikono miwili, na alipoona naelekea shingoni aliivuta.

Nikaanzia mbali na shingo. Nilimwambia kila ninachofanya, kwa Kikamba, kama ulivyokuwa ukituambia tufanye kwa mtu mwenye hofu. Nikaweka vidole chini ya taya, pale mshipa unapopita juu ya mfupa, nikasoma mapigo. Yalikuwa ya polepole mno. Nikauvuta mguu wa mbele nikasikiliza ndani ya kiwiko, nako polepole vile vile, ila safi. Nikaenda ubavu wa kulia, juu, pale utumbo mpana wa punda unatakiwa usikike kama maji yanayomiminwa kwenye bomba. Kimya. Mdomo wa chini ulikuwa umening'inia. Hakuwa na ugonjwa wowote, alikuwa na dawa ya usingizi mwilini. Nikamwambia Mama Kavutha kwamba ataamka, tumweke kivulini na tusimpe chakula mpaka tumbo lianze kulia tena. Nikamwomba ruhusa ya kumgusa shingo. Akafikiri. Kisha akalegeza kamba.

Nilipitisha mkono kwenye ule mtaro unaoshuka kando ya koo. Sehemu ya juu, theluthi ya kwanza, mkono ukapita kwenye kitu kama kapeti iliyonyolewa. Nikainama nikaangalia. Nywele zilikuwa zimekatwa, kipande kidogo cha ukubwa wa kucha, kingo zake safi. Katikati kulikuwa na tone la damu lililokauka.

Mwizi gani, Daktari, anayekata nywele kabla ya kudunga? Anakuja kuiba ngozi. Mnyama hataishi mpaka achafuke kidonda. Hakuna sababu hata moja ya kuwa msafi. Isipokuwa mkono umezoea, kwa sababu tangu utotoni alikuwa na baba aliyemchapa vidole kila alipodunga juu ya uchafu.

Kwa wale waliouawa sikuweza kuona alama hiyo kwa sababu wezi walikuwa wameondoka na ngozi.

Sikumwambia Mama Kavutha kitu. Nilikaa na Sukari mpaka utumbo ukaanza kunguruma, ndipo nikatafuta pikipiki ya boda nikavuka mto kwenda Matiliku.

Duka la Musyoka la dawa za mifugo unalijua, ulilibariki wewe mwenyewe lilipofunguliwa. Lilikuwa na wateja wawili, mzee wa dawa ya kupe na msichana wa chakula cha kuku. Alinifurahia. Alinipa soda na kiti, akawahudumia wale kwa heshima, akamweleza mzee namna ya kuchanganya dawa bila kuharakisha. Nilimtazama nikatamani niwe nimekosea. Wateja walipoondoka nilimwambia, "Punda wa Mama Kavutha amepona."

Akasema ni vizuri. Akaanza kupanga chupa ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Nywele zilikuwa zimekatwa, Musyoka."

Aliigeuza chupa moja, lebo ikaangalia ukutani. Kisha akasema, bila kugeuka, "Baba alisema mnyama asidungwe juu ya uchafu."

Hivyo ndivyo alivyokiri. Nilidhani nitapiga kelele, lakini nilikaa tu na ile soda. Aliniambia mengine mwenyewe. Watu fulani walikuja wakati wewe ukiwa bado mzima. Walikuwa wanawaua punda upande wa Makueni kwa mashoka, wakiwa macho, wanalia mpaka kijiji kinaamka. Walitaka mtu wa kuwalaza wasilie. Alisema alikataa, kisha akaenda mara moja kuona, na alichokiona kilimfanya akubali. "Walikuwa wanawachinja wakiwa macho, Mwende. Mimi niliwalaza." Aliniangalia kama mtu anayengoja nikubali kwamba hilo lina uzito. Na linao, Daktari, na hilo ndilo linaloniumiza. Nadhani alianza kwa huruma. Au ndivyo anavyojiambia. Sijui tena kuamini ninachosikia kutoka kwa mtu, naamini kilicho chini ya mkono wangu tu.

Kisha akasema, "Baba alijua."

Nikamuuliza ulijua nini. Akasema siku moja ulikifungua kile kisu ukakuta manyoya ya punda kwenye mpini. Ulikiosha. Hukusema neno. Ulimwangalia tu, ukakiweka mezani mbele yake, ukatoka nje. Yeye akakichukua.

Nimekaa na maneno hayo tangu siku ile. Wakati mwingine nasema anakusingizia, mtu aliyekamatika humvuta mwingine naye apakwe matope, hata baba yake. Wakati mwingine nakuona hospitalini ukiushika mkono wangu, na macho yako yakiangalia mlangoni kuona kama Mama Musyoka anarudi, na naamini kila neno lake. Kama ulijua, ulikuwa unangoja nini? Ulidhani ukiondoa begi nyumbani umeondoa mkono wake pia? Ulinifanya mlinzi wa mwanao bila kuniambia? Mimi niliyekuita mwalimu. Ungeniambia tu. Ningekasirika, lakini ningejua nimesimama wapi.

Nilimwambia Musyoka aende kwa polisi mwenyewe. Aliniomba nimpe mpaka baada ya Jumapili. Zamani ningempa. Lakini nilikuwa nimeshakuwa mtu wa kushuku, na nilimwona akitundika na kutundua funguo, nikajua kwamba Jumapili hatakuwepo, au wale watu hawatakuwepo. Nikatoka nje ya duka, nikasimama karibu na wauza maembe, nikampigia chifu.

Polisi walifungua stoo ya nyuma mchana ule ule. Ngozi zilikuwa zimetiwa chumvi na kukunjwa. Waliniomba nizikague. Walizikunjua moja moja juani, watu wa Matiliku wamejaa, na kwenye kila moja, upande wa kushoto, juu ya shingo, mahali pale pale, nywele zilikuwa zimekatwa. Musyoka alikuwa amesimama na pingu. Alizitazama zile ngozi kama mwanafunzi anayerudishiwa kazi yake. Wenzake wawili walikamatwa njiani. Kesi inaendelea, na mimi ni shahidi.

Mama Musyoka hakutoka nyumbani kwa wiki nyingi. Nilienda, nikakuta lango limefungwa kwa ndani. Nilienda tena. Mara ya tatu alifungua, akanikaribisha, akanipikia chai, na tulipomaliza akasema jambo moja tu: "Ungeniambia mimi kwanza." Sikuweza kumjibu kwamba nilikuwa namshuku yeye pia. Na bado namshuku kidogo, nisikudanganye. Lakini nilimwona amezeeka, ameketi kwenye kiti chako akiwa amekalia ukingo tu, kama mgeni.

Kanyangi watu wamenirudia, siyo wote. Mama Kavutha ananiletea Sukari mwenyewe, na juzi alimfunga mtini akaenda zake sokoni akaniachia. Sikumwambia nilivyojisikia. Wengine bado wanaishika kamba wao wenyewe nikigusa shingo ya mnyama wao, na siwalaumu. Ningefanya vivyo hivyo.

Chuo kimeniletea wanafunzi wa mafunzo ya kazini. Nawafumba macho. Nawauliza wako wapi. Tumepita moyo, mapafu, tumbo kubwa, ini upande wa kulia, tezi za mbele ya bega. Tumefika shingoni na nimesimama hapo. Najua siku itakuja lori ligonge punda mwingine, na kama sijawaonyesha mahali pale, mnyama atateseka mbele ya watu mpaka afe. Nitawaonyesha. Nimeshaamua. Ila sitawaambia wapafiche kama ulivyotuambia sisi. Nitawaonyesha mchana, mbele ya mwenye mnyama, ili mtu mwingine awe anajua kwamba wanajua.

Daktari, sijui kama nimekusamehe. Nakukumbuka kila siku, nakukasirikia kila siku, na mikono yangu yote miwili ni yako. Pumzika. Maswali yangu nitabaki nayo mimi, kwa kuwa wewe huwezi tena kunijibu na Musyoka siwezi kumwamini.

Lakini nakuahidi hili. Siku za kutembelea mahabusu nitakwenda kumwona mwanao, awe amesema kweli juu yako au amesema uongo. Jumamosi hii nakwenda na Mama Musyoka. Amesema kama wataruhusu atapika muthokoi, ule wa mahindi ya kukoboa na mbaazi mbichi anaoupenda Musyoka. Nimemwambia aupike tu, wakikataa tutarudi nao, na Jumamosi nyingine atapika tena.

Kwaheri, mwalimu wangu.

Mwende